Barua za Wahariri Ziko kwa Waliozipokea

(Maneno yaliyosemwa na kamati ndogo ya kumbukumbu katika sherehe ya Uhuru, Columbus, Ohio)

  

Tumepewa dakika ishirini, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo tutajitahidi tusile muda wa watu. Sisi wa kamati tuko wanne. Wawili ni wauguzi, mmoja anaendesha lori, na mmoja bado yuko chuo. Hakuna mwanahistoria hata mmoja. Kilichotuingiza katika mambo ya barua ni kifo, na mwezi uliokuwa unakatika.

Februari ya mwaka jana tulikwenda Louisville kuisaidia familia ya mzee wetu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Familia imetuomba tusimtaje jina, nasi tumekubali. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kodi ilikuwa imelipwa mpaka tarehe ya mwisho, na watoto walikuwa wameomba ruhusa ya siku mbili tu kazini. Mnajua hali hiyo. Mifuko myeusi ya taka ilikuwa imejipanga mlangoni. Sisi wauguzi tulipewa kazi ya dawa: kuzitoa kabatini, kuzihesabu, kuzitenga zile za kurudishwa duka la dawa. Chini ya chupa za dawa za presha tukakuta boksi la viatu vya Bata, limefungwa kwa kamba ya katani.

Ndani mlikuwa na stakabadhi, picha za pasipoti, kadi ya chama, na barua moja ndani ya bahasha yake. Barua ya mwaka 1967, imepigwa taipu kwenye karatasi nyembamba yenye jina la gazeti moja la Dar es Salaam, imetumwa kwa sanduku la posta la Tabora. Wakati huo mzee alikuwa karani wa reli. Barua ilimwambia kwamba shairi lake limepokelewa, kwamba katika ubeti wa tatu na wa tano mizani imepungua, basi ahesabu upya, arekebishe na kulirudisha, na asikate tamaa. Chini kulikuwa na sahihi ya wino wa buluu, mkia wake mrefu kama wa mjusi.

Mjukuu wake wa miaka 16 aliisoma kwa sauti, akikwama hapa na pale, kisha akauliza mizani ya shairi inapimwa kwa kilo au kwa paundi. Watu walicheka, na siku ile kicheko kilihitajika. Halafu akatoa simu. Baada ya dakika tano akatuambia kuwa huku Marekani kuna watu wanaonunua barua zenye sahihi za wahariri wa magazeti wa zamani, tena kwa fedha nzuri. Je, hii ni shilingi ngapi?

Tutarudi kwenye swali lake. Kwanza tuseme kwamba kijana alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu nchi hii kweli ina mchezo huo, na miji yetu mitatu yote imo ndani yake.

Nyie wa Louisville mnapita kila siku kwenye ile barabara kuu ya I-264. Mnaiita Watterson, mnailaani jioni magari yanapojaa. Henry Watterson alikuwa mhariri. Aliliongoza gazeti la Courier-Journal tangu 1868 mpaka 1919, nusu karne, na mwaka 1918 akapewa tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake. Ni mtu aliyepigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo hatumpigii makofi kwa kila jambo. Lakini aliandika barua kwa miaka hamsini, na barua hizo bado zinapita mikononi mwa wakusanyaji. Watoto wa Louisville, mnamjua Muhammad Ali alizaliwa kwenu mwaka 1942 akiitwa Cassius Clay. Jina hilo nalo lina mhariri ndani yake. Cassius Marcellus Clay wa Kentucky alianzisha gazeti la kupinga utumwa mjini Lexington mwaka 1845, akaweka mizinga miwili ofisini kwa kujilinda, na hata hivyo mitambo yake ilibebwa ikahamishiwa Cincinnati. Baba yake Ali alipewa jina la mtu huyo, kisha akampa mwanawe.

Hapa Columbus, kijana William Dean Howells alifanya kazi katika gazeti la Ohio State Journal kabla hajafikisha miaka 25. Baadaye akawa mhariri wa Atlantic Monthly, na mmoja wa marafiki wakubwa wa Mark Twain. Na Mark Twain mwenyewe, kabla ya vitabu vyake vikubwa, alikuwa mhariri Buffalo. Mwaka 1869 alinunua theluthi moja ya gazeti la Buffalo Express kwa fedha za mkopo, akakaa huko mpaka 1871. Ndugu zetu wa Buffalo, mkisikia theluji imewashinda, mjue ilimshinda na yeye.

Kisa tunachokipenda kuliko vyote kiko Buffalo. Mwaka 1885 wakili mmoja wa mji huo, James Fraser Gluck, alikuwa akiikusanyia maktaba maandishi ya mkono ya waandishi mashuhuri. Hakuwa na fedha za kuwanunua wote, alikuwa na tabia ya kuandika barua na kuomba. Akamwomba Twain mswada wa Huckleberry Finn. Twain akapeleka nusu ya pili, akasema nusu ya kwanza haionekani. Baadaye ikaonekana, naye akaituma, na Gluck akaichukua nyumbani. Mwaka 1897 Gluck akafariki. Karatasi zake zikaingia sandukuni, sanduku likahama na familia, na mwaka 1990 mjukuu wake akalifungua huko Los Angeles, darini. Nusu ya kwanza ilikuwemo. Sasa nusu zote mbili ziko pamoja katika maktaba kuu ya Buffalo, na watoto wa shule wanapelekwa kuziona.

Angalieni jinsi ilivyokaa. Zaidi ya miaka tisini, ndani ya sanduku la familia, bila mtu kujua. Kama mjukuu yule angekuwa na siku mbili tu za ruhusa na mwezi unaokatika, pengine leo tusingekuwa na la kusimulia.

Kuna mwingine, na huyu anatuhusu zaidi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha gazeti lake The North Star mwaka 1847 mjini Rochester, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Buffalo. Juni 1872 nyumba yake ya Rochester iliungua. Akapoteza majalada ya magazeti yake mwenyewe, kazi ya miaka. Lakini barua alizokuwa amewaandikia watu haziwezi kuungua katika nyumba ya aliyeziandika, kwa sababu hazipo humo. Ziko kwa waliozipokea. Ndizo zinazotafutwa leo, na bei yake ni ya matajiri.

Hilo ndilo tulilokuja kulisema. Barua ya mhariri haikai kwa mhariri. Ukienda kuitafuta ofisini kwake utakuta nakala ya kaboni, au hutakuta kitu. Barua yenyewe, yenye sahihi ya wino, iko kwa msomaji aliyeandika kulalamika barabara ya kijijini, kwa mwalimu aliyetuma shairi, kwa karani wa reli wa Tabora. Na wasomaji hao, ndugu zangu, ni baba zetu na mama zetu. Wengine wamekaa meza ya mbele hapa. Wengine tunawapeleka kliniki siku ya Jumanne.

Tuwaambie watoto kidogo kuhusu wahariri hao, maana ni siku ya Uhuru.

Gazeti la Mambo Leo la serikali ya kikoloni lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na watu walijifunza kumwandikia Bwana Mhariri. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu aliyezaliwa Uganda na kufungua duka Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Yaani mhamiaji ndiye aliyewapa wenyeji gazeti, akaliita Kwetu. Sisi tunaoishi ugenini tunalielewa jina hilo kwa namna yetu.

Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa wahariri mahakamani. Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa kwa maneno aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya maafisa wa serikali, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Vijana wetu wanamjua Mwalimu kama rais, wengine kama picha ukutani. Alikuwa pia mhariri wa karatasi ya chama, na alishtakiwa kwa kazi hiyo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, bendera ikapanda.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba: Abdulrahman Babu aliendesha Zanews, akafungwa mwaka 1962 kwa uchochezi. Baadaye alikuwa waziri, akafungwa tena, na mwishoni alifundisha katika vyuo vikuu vya hukuhuku Marekani kabla ya kufariki London mwaka 1996. Mtu wa namna hiyo aliandika barua nyingi, na baadhi ya waliozipokea wanaishi nchi hii.

Benjamin Mkapa naye alikuwa mhariri kwanza. Mwaka 1966 aliyashika magazeti ya TANU, The Nationalist na Uhuru, na mwaka 1972 Daily News. Sahihi yake ya urais, tangu 1995 hadi 2005, iko kwenye maelfu ya karatasi. Sahihi yake ya uhariri, kwenye barua ya kumjibu mwalimu wa shule ya msingi, hiyo ni kitu kingine kabisa. Na Frene Ginwala, mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, Mwalimu alimpa The Standard ilipotaifishwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata akaondolewa kwa sababu ya tahariri juu ya Sudan. Mwaka 1994 akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini huru. Kuna mtu mzima fulani, tuna hakika, ana barua ya mama huyo katika sanduku na hajui kwamba wajukuu wangependa kuiona.

Jirani zetu Wakenya wametuzidi kwa mfano mmoja. Henry Muoria aliendesha Mumenyereri, gazeti la Kikuyu, tangu 1945. Mwaka 1952 alikuwa London hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, gazeti likapigwa marufuku, akashindwa kurudi. Akafanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi kulea watoto wake. Fikirini: mhariri aliyesomwa na maelfu, anafunga milango ya treni. Wangapi kati yetu hapa tulikuwa walimu na maafisa kule, na huku tulianza kwa kusafisha sakafu usiku? Lakini karatasi zake familia haikuzitupa, na mwaka 2009 maandishi yake yalitoka katika kitabu kikubwa ambacho binti yake ni mmoja wa waliokihariri.

Sasa turudi kwa mjukuu wa Louisville na swali lake la bei.

Tuliichukua ile barua kwa ruhusa ya bibi yake, tukaipeleka kwa mzee mmoja wa Buffalo aliyewahi kufanya kazi kiwandani kwa wachapaji Dar es Salaam. Sisi wauguzi tunajisifu kwa kusoma mwandiko wa madaktari, lakini mkia ule wa mjusi ulitushinda. Mzee akavaa miwani, hakuitazama sahihi hata kidogo. Alitazama juu yake, kwenye herufi tatu ndogo za taipu ambazo sisi wote wanne hatukuziona: k.n.y. Kwa niaba ya Mhariri. Kwa hiyo aliyetia sahihi hakuwa mhariri mkuu mashuhuri ambaye kijana alikwisha kumpata kwenye simu. Alikuwa msaidizi, mshika ukurasa wa mashairi.

Kijana alinyong'onyea, hatufichi. Bibi yake alicheka mpaka akashika mbavu, akasema marehemu alikuwa akijisifu miaka yote kwamba Mhariri Mkuu alimfundisha kuhesabu mizani.

Basi hilo ni somo la kwanza kwa wenye masanduku: tazameni k.n.y. kabla ya kutazama sahihi. La pili, geuzeni karatasi. Kalamu ya kweli huacha mfinyo unaoweza kuusikia kwa kidole nyuma ya karatasi, hasa ile ya zamani nyembamba. Muhuri wa sahihi hauachi kitu. La tatu, msichane stempu. Watoto wengi wa zamani, na sisi tukiwemo, tulichana stempu kwenye bahasha za baba zetu kwa ajili ya kukusanya, na pamoja na stempu tukaondoa muhuri wa posta, yaani mji na tarehe. Barua isiyo na tarehe inategemea bahasha yake kama mgonjwa asiye na kadi.

Na tafadhali, kwa heshima zote, acheni laminesheni. Tunajua mnaipenda. Vyeti vyetu vyote tumevipiga laminesheni, hata vya ubatizo. Kwa barua ya zamani ni kuizika hai: joto na gundi vinaingia ndani ya karatasi na havitoki tena. Selotepu vilevile, baada ya miaka inageuka kahawia na kula maandishi. Tumieni jalada la karatasi isiyo na asidi, linauzwa bei nafuu. Liwekeni ndani ya chumba mnachokaa wenyewe. Darini kuna joto la Julai, na chumba cha chini, nyie wa Buffalo mnajua maji ya Machi yanavyopanda. Mkitaka kuandika kumbukumbu, andikeni kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: nani aliandika, nani alipokea, alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa wapi. Hilo la mwisho ndilo linalopotea kwanza. Barua inaweza kusomwa miaka mia. Sababu iliyomfanya karani wa reli atunge shairi, hiyo anayo mkewe peke yake, na ana miaka 81.

Kuna jambo ambalo kamati haijakubaliana. Je, barua hizi zikishapatikana ziende wapi? Wawili wetu wanasema nyumbani: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, au Kilimani kwa zile za Zanzibar, kwa sababu ni historia ya nchi na watafiti wake wako kule. Wengine wawili wanasema familia zilizobeba barua hizo kwenye mabegi ya kilo 23, zikaacha viatu ili karatasi ziingie, zina haki ya kuzitundika sebuleni. Tulibishana njia nzima kutoka Louisville, saa tatu na nusu, na dereva wetu wa lori hakuacha mtu alale. Tulichokubaliana ni kidogo: asili ni ya familia, na familia ndiyo inayoamua, hata kama inaamua kuuza. Nakala iliyopigwa picha vizuri, mbele na nyuma na bahasha, ibaki kwenye jumuiya, ili kijana wa Columbus aweze kusoma barua ya mzee wa Buffalo.

Mpaka leo tuna barua 11. Mbili ni za wahariri wenye majina mnayoyajua, na hatutazitaja mpaka wenyewe waturuhusu. Tisa ni za k.n.y. Tunazipenda zote, ingawa tukiri kwamba zile mbili tulizipiga picha mara sita sita.

Yule kijana amekuja leo. Ameomba kazi ya kushika mashine ya kunakili. Tangu Februari amejifunza kuhesabu mizani, na amegundua kwamba katika ubeti wa tano babu yake alikuwa sahihi na gazeti lilikosea, kwa sababu mpiga chapa aliruka neno alipolinakili. Anataka kuwaandikia. Tumemwambia gazeti lenyewe halipo siku nyingi. Anasema ataandika hivyohivyo.

Meza iko karibu na mlango wa jikoni, upande wa kushoto. Wazee msipange foleni, kaeni, vijana watawafuata mlipo. Mama aliyekuja na begi lake kutoka Buffalo aanze yeye, kwa sababu ana safari ya saa tano usiku huu na theluji imetangazwa.